Elektroni moja, nguvu tofauti
Umeuliza kwa nini sodiamu na potasiamu, ambazo kila moja ina elektroni moja tu ya valensi (yaani ya obiti ya nje kabisa), hazitendi kwa nguvu sawa zinapotiwa majini. Idadi ni ileile, lakini umbali kutoka kwenye kiini cha atomu si uleule: katika sodiamu (mpangilio wa elektroni 2:8:1) elektroni hiyo imo katika obiti ya tatu, ilhali katika potasiamu (2:8:8:1) imo katika ya nne, ambako mvuto wa kiini ni dhaifu zaidi, hivyo hung'oka kwa urahisi. Ndiyo maana kipande cha potasiamu, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, huwasha papo hapo haidrojeni inayotoka, kwa mwali wa zambarau, wakati sodiamu kwa kawaida huyeyuka tu ikawa kitone kinachokimbia juu ya maji.