Akishasema, nani anabaki naye?

Mmeuliza wiki hii kama Mkristo anafaa kufichua maovu anayoyaona kazini hata kama itamgharimu kazi yenyewe. Hapo kila mtu aliyepitia Sunday school anajua cha kujibu, ndio anafaa, Waefeso 5:11 inasema tusishirikiane na matendo ya giza bali tuyakemee, na pasta yeyote kuanzia Kawangware hadi Kayole atakuambia hivyo hivyo. Lakini swali lenye linanisumbua mimi ni la siku inayofuata. Akishasema, nani anabaki naye? Juu nimeona mtu akisema ukweli kwa ofisi imejaa watu waliookoka, nikaona vile walimfanyia, na mpaka leo nikisikia mhubiri akiambia watu wawe kama Danieli kazini nataka kwanza kumuuliza, na wewe utamfanyia nini huyo Danieli wako akitupwa nje?

Nilikuwa stoo, kampuni fulani hapo Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga. Tulikuwa tunashughulika na kemikali za viwandani zile zinakuja kwa madramu. Vibarua wengi walikuwa watu wa Mukuru, wanapanga laini kwa gate asubuhi, wanalipwa kwa siku, na walikuwa wanabeba hizo dramu wamevaa raba zimeisha soli, wengine sandals. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye ananunua vifaa vya kujikinga na asimkate mfanyikazi hata shilingi, na kwa makaratasi ya kampuni vilikuwa vimenunuliwa. Buti za usalama jozi 120, glavu, na maski za kuzuia moshi wa kemikali. Invoisi iko, dilivari noti iko, pesa zimeshalipwa. Kwa stoo yangu hakukuwa na buti hata moja.

Kila Jumatano saa ya lanchi tulikuwa na feloshipu bodirumu. Aliyekuwa anaiongoza ni meneja, mzee wa kanisa, mtu anajua kuomba mpaka unasikia mwili umesisimka, na nasema hivyo kwa heshima, juu alishaniombea mtoto wangu akiwa mgonjwa na nilimshukuru. Dada mmoja wa akaunti ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Sote tulikuwa tunamwita Sista. Huyo ndiye alipata invoisi ya pili kutoka kwa sapulaya yule yule, buti zingine tena, akakataa kuipitisha. Akashuka stoo akaniuliza, "Ndugu, hizi za kwanza ziko wapi?" Nikamwonyesha kadi ya stoo, haikuwa na kitu. Akanionyesha karatasi ya kupokea mali, imewekwa sahihi jina langu, na mkono si wangu. Nilimwambia hapo hapo kwamba hiyo siyo sahihi yangu, na akiniita popote nitasema hivyo.

Alimwendea meneja akiwa peke yake, vile Mathayo 18 inasema, ukikosewa na ndugu yako umwonye mkiwa wawili. Akaambiwa aombe kwanza, asikimbilie kuhukumu. Akarudi tena, akaambiwa yale yale. Wakati huo ndio kijana mmoja wa kibarua aliangukiwa na dramu kwa mguu. Alikuwa na raba. Vidole vilipondeka, akatolewa na boda, na ofisi ikaanza kusema ati hayuko kwa rejista ya siku hiyo, ndio asidai fidia ya WIBA, ile sheria ya kulipa mfanyikazi ameumia kazini. Sista alikaa na hiyo habari wikendi yote, Jumatatu akaandikia mkurugenzi imeli, akaambatanisha kila kitu.

Mkutano nao ulifanywa bodirumu ile ile ya feloshipu, na nusu ya waliokuwa wamekaa hapo ni watu tulikuwa tunashikana nao mikono tukiomba. Mimi niliitwa juu ya ile sahihi. Hakuna aliyetaka kuongea mambo ya buti. Waliongea mambo ya roho ya Sista, kwamba ana uchungu, kwamba ameaibisha ndugu mbele ya watu wa dunia. Mmoja akafungua Biblia, Walawi 19:16, akasoma usiende huku na huko katikati ya watu wako kama mchongezi, akafunga. Sista akamwambia kwa upole tu, sauti haikupanda, "Ndugu, malizia huo mstari." Jamaa akanyamaza. Sista akaumalizia mwenyewe bila kuangalia kitabu, wala usisimame kinyume cha damu ya jirani yako. Halafu akataja yule kijana kwa jina, akauliza ni nani hapo ameshaenda kumwona. Hakuna aliyejibu. Nami nilipoulizwa nikasema sahihi si yangu, nikaandika na kwa karatasi.

Kuna watu wanadhani ujasiri ni kupiga kelele, hao hawakumwona huyo dada akikunja karatasi zake akitoka.

Kontrakti yake haikufika mwisho wa mwezi. Barua ilisema nafasi yake imeondolewa kwa mpangilio mpya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kukufuta kazi, labda kama malalamiko hayana msingi, lakini si wataandika ati tunakufuta kwa kulalamika. Mimi nilipelekwa depo ya Athi River. Na wale wa feloshipu, tuliokuwa tunaitana familia, walimtoa kwa grupu ya WhatsApp jioni hiyo hiyo. Mchango wa kumsaidia rent ulifanywa na vibarua! Watu wa kulipwa kwa siku, wengine hawajui mlango wa kanisa, walitoa hamsini hamsini.

Kwa hivyo mtu akiniambia imani inampa mtu ujasiri nakubali, niliona kwa macho yangu, yake ilimpa. Lakini imani ya wale wengine ndiyo iliyotumika kumziba mdomo, na ilikuwa Biblia ile ile.

Na si kwa kampuni ndogo tu. Munyakei alikuwa karani Benki Kuu, akatoa stakabadhi za Goldenberg, ile sakata kubwa ya wizi wa pesa za umma, akakamatwa 1993, akapoteza kazi. Tuzo ya uadilifu ya Transparency International ilimfikia 2004, na 2006 akafa akiwa maskini kwa nchi aliyoiokolea pesa. Githongo naye, katibu wa kudumu mzima wa kupigana na ufisadi serikalini, aliyefichua sakata ya Anglo Leasing, alijiuzulu 2005 akiwa London. Karani hana London ya kukimbilia. Sheria ya Hongo ya 2016 inasema ni kosa la jinai kumtisha mtu ameripoti hongo, sawa, lakini mswada wa kulinda wafichuzi wa kila aina ya uovu tumekuwa tukiusikia miaka nenda miaka rudi.

Nilipoanza kuandika hapa nilitaka kusema kanisa lisiambie mtu yeyote afichue chochote mpaka liwe na mfuko wa kumlisha. Nilikuwa nimekasirika, na bado. Lakini kuna kitu sijasema. Buti zilikuja. Sista alikuwa ameshaenda, mkurugenzi akaagiza kutoka kwa sapulaya mwingine, nikarudishwa kutoka Athi River wiki hiyo ya kuhesabu mali, na nilizipokea mimi mwenyewe, zote, sahihi yangu ya ukweli. Meneja hakufanywa kitu, alibaki. Lakini vibarua walivaa buti, na wanaovaa leo hawamjui Sista. Sasa siwezi kukaa hapa niseme angenyamaza.

Kwa hivyo jibu langu ni ndio, afichue. Ila mama wa watoto watatu hapo Pipeline, mshahara wake ndio wa pekee kwa nyumba, akingoja mpaka apate kazi ingine ndio aseme, mimi sitamwita mwoga na sitaki kumsikia mtu wa kanisa akimwita hivyo. Tofauti ni kama anajua mtu ataumia leo, kama yule kijana wa mguu, hapo sioni vile anaweza kungoja. Na hata akingoja, yeye mwenyewe asiweke sahihi kwa uongo.

Na kama uko kwa hiyo hali saa hii unasoma, usianzie kwa feloshipu ya ofisi. Toa kopi za kila karatasi ziko mikononi mwako kihalali, ziweke nyumbani, usitumie imeli wala simu ya kampuni, tafuta mtu wa yunioni ama wakili kabla hujaandikia mdosi, na kama ni mambo ya hongo EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, wanapokea ripoti hata bila jina lako. Na uwe na mtu mmoja, hata kama ni wa stoo, aliyekubali kusema mbele ya watu kile anachojua.