Jeli ya mchaichai haigandi: tatizo liko wapi?

Swali: Nilichemsha lita moja ya chai ya mchaichai na sukari nusu kilo, nikakamulia ndimu moja. Baada ya saa nzima ilikuwa bado sharubati. Nikairudisha jikoni, ikaishia kuwa tofi inayong'ang'ania kijiko. Nataka jeli ya kupaka mkate. Nakosea wapi? — Msomaji, Arusha

Jibu: Muda wa jikoni si tatizo. Jeli ya mkate hushikwa na pektini, kigandishi cha asili kilichomo kwenye matunda, na majani ya mchaichai hayatoi pektini ya maana. Jamu ya mapera hujigandia kwa sababu tunda linayo. Chai ukiichemsha na sukari peke yake itapita kwenye sharubati hadi kwenye tofi bila kuwa jeli hata dakika moja.

Pektini nayo ina masharti: uchachu wa kutosha (pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe karibu 3) na sukari inayokaribia asilimia 65 ya uzito wa mwisho. Ndimu moja haikutosha, na nusu kilo kwa lita ni kidogo mno. Ukipunguza sukari kwa pektini ya kawaida, jeli italegea. Kwa sukari kidogo kuna pektini ya aina nyingine, inayohitaji kalisi (kalsiamu).

Vipimo: chai mililita 600, maji ya ndimu mililita 60, sukari kilo 1, pektini safi ya unga gramu 12 hadi 15. Soma pakiti kwanza, maana nyingine zimechanganywa na glukosi na kipimo chake ni kikubwa zaidi.

Katakata gramu 60 za mchaichai mbichi, chemsha dakika 5 katika mililita 700 za maji, funika na uache dakika 20. Mfuniko ni muhimu, la sivyo harufu inaondoka na mvuke. Chai iwe kali kuliko ya kunywa, kwa kuwa sukari huifubaza ladha. Chuja kwa kitambaa bila kukamua, ukitaka jeli ing'ae, kisha ongeza maji hadi zitimie 600.

Changanya pektini na gramu 100 za ile sukari, zikiwa kavu. Ukiimwaga peke yake itafanya madonge yasiyoyeyuka. Nyunyizia kwenye chai yenye ndimu huku ukikoroga, chemsha mpaka iyeyuke kabisa, ndipo utie sukari iliyobaki. Sukari ikitangulia huyateka maji, na pektini haiyeyuki vizuri.

Sasa moto mkali, mchemko usiotulia hata ukikoroga, dakika 1 hadi 2. Tumia sufuria kubwa, povu hupanda sana. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 4 hadi 5 juu ya kiwango ambacho maji matupu huchemkia kwake: pwani ni 104 hadi 105, lakini Arusha, maji yakichemka karibu na 95, ni 99 au 100. Ukifuata 105 ya vitabuni utarudi kwenye tofi. Asiye nacho adondoshee sahani iliyokaa kwenye friza; tone likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, epua. Kuchemsha kupita hapo huvunja pektini.

Mimina ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10, na usizitikise. Kuganda kwaweza kuchukua saa 24, hata 48, kwa hiyo usiirudishe motoni jioni ileile.

Ukikosa pektini dukani, chemsha nyama nyeupe ya maganda ya machungwa pamoja na mbegu na ndimu kwa nusu saa, uchuje. Jaribu kijiko kimoja ndani ya vitatu vya spiriti: ikishikana donge moja, inafaa, ikiwa vinyuzi, ipunguze motoni. Jaribio hilo limwage, usilionje.

Rozela (choya) ni habari nyingine, kwani chai yake ni chachu tayari. Ndimu ipunguze sana au uiache, maana uchachu ukizidi jeli hutoa maji.

Ile tofi yako iyeyushe kwenye chai ya moto. Kuifanya jeli sasa ni kupoteza pektini.