Gari la turbo likichemsha, usikimbilie kufungua hedi

Mlima Kitonga hauna huruma na gari bovu. Desemba moja nilikuwa natoka Dar kwenda Mafinga na familia, mama mkwe kiti cha nyuma, na nusu gunia la vitunguu tulivyonunua Ruaha Mbuyuni. Mbele yetu lori la mzigo linajikongoja, nyuma basi linapiga honi. Katikati ya zile kona nikatupia jicho mshale wa temperecha, ambao kwa miaka minne haukuwahi kusogea kutoka katikati. Ulikuwa unapanda. Hadi napata pa kuegesha, ulishafika kwenye H.

Gari lenyewe ni Toyota Surf ya zamani, injini 1KZ-TE: dizeli, turbo (kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), cc 2,982. Wanaozijua injini hizi wanajua pia sifa yake mbaya. Hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ni ya aluminiamu, na gari likichemsha sana huweza kupasuka, hasa kati ya valvu. Ndiyo maana fundi wa kwanza niliyemfikia Iringa mjini, aliposikia tu neno "limechemsha", hakufungua hata boneti. "Hedi hiyo, bosi. Tuifungue." Bei aliyotaja ilikuwa zaidi ya milioni mbili, bila spea.

Nikamwambia ngoja nikajipange. Nikasubiri usiku uingie na baridi yake, nikajaza maji, nikajikokota hadi Mafinga nikisimama kila mara kupima. Si jambo la kuiga. Lakini likizo nilikuwa nayo, na uwanja wa shemeji ulikuwa mpana.

Swali la kwanza ni moja: hedi imekwenda au haijaenda? Hilo huhitaji kufungua kitu kulijibu. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa nilijaza maji hadi shingoni mwa rejeta, nikafunga mfuniko, nikawasha na kushika ile paipu kubwa ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni ya baridi, presha hiyo haitokani na joto, inatoka kwenye silinda. Yangu ilibaki laini. Nikazima, nikafungua mfuniko, nikawasha tena na kuangalia mapovu. Machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, yasikutishe. Yanayokuja mfululizo na kuongezeka ukikanyaga mafuta ndiyo mabaya. Nikavuta kijiti cha oili: hakuna rangi ya chai ya maziwa. Kwa kuwa ufa mwingine hujifungua injini ikipata moto tu, jioni nililizungusha gari hadi likapata joto, nikaliacha lilale. Alfajiri nikaishika paipu tena. Laini.

Hapo ndipo nilipopata usingizi.

Siku ya pili nikafungua nyumba ya themostati, ule mlango wa maji unaojifungua kwa joto. Ndani hamna kitu! Mtu aliitoa kabla yangu, na ninamwelewa, maana kila gereji utasikia hadithi ileile: nchi hii ni ya joto, themostati ni ya Wazungu wenye theluji. Nilikuwa naiamini. Ila themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikipata joto, mlango wa juu unafunguka kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, na kile kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona tofauti. Kitonga utaiona.

Nilinunua mpya, yenye namba 82, na sikuifunga kabla ya kuipima jikoni kwa shemeji, kwenye sufuria ya maji na kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, na maji yakikaribia kuchemka mlango uwe wazi milimita nane hivi. Shemeji aliuliza kama ninapika supu ya gari. Ukiifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu kabisa, kwani ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza.

Mwizi wa pili alikuwa feni. Feni ya gari hili haitumii umeme, inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Mbele yake kuna kijichuma kinachohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta, na joto likizidi klachi inakamata, feni inavuma kwelikweli. Miaka ikipita yale mafuta huvuja kidogokidogo na vumbi hugandia hapohapo. Injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, sukuma feni kwa kidole. Ikikaza na kusimama mara moja, nzima. Yangu ilizunguka kama pangaboi. Ukiwa barabara tambarare kwa kilomita 90 upepo wa gari unatosha na huoni shida yoyote, lakini nyuma ya lori mlimani, turbo inasukuma na mwendo ni kilomita 15, feni ndiyo upepo pekee ulio nao. Klachi hizi unaweza kuzifungua na kuziongezea mafuta ya silikoni, watu wanafanya na zinakubali. Mimi nilichoka, nikaagiza iliyotumika kutoka Shaurimoyo kule Dar, ikaja na basi.

Rejeta nayo niliiosha kwa nje. Angalia ule mwanya kati yake na kondensa ya eisii (ile kama rejeta nyembamba ya kiyoyozi, iliyo mbele yake), huko kuna nyasi, wadudu na vumbi la miaka kumi. Piga maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo, vinginevyo utalaza zile pezi zote na utakuwa umeziba mwenyewe. Kwa ndani nilimwaga maji yakatoka rangi ya matofali. Nikasuuza kwa mpira hadi yakatoka meupe.

Mfuniko wa rejeta wengi wanaudharau kwa sababu ni wa bei ndogo. Ule ulioandikwa 0.9 unabana presha, na kwa presha hiyo usawa wa bahari maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mfuniko ukichoka usiweze kubana, Iringa mjini, kwa mwinuko ule, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Angalia mpira wake kama umepasuka. Paipu ya juu ikibonyea yenyewe injini ikipoa, basi kile kivalvu kidogo cha katikati kimeganda. Na ndiyo sababu hiyohiyo usifungue mfuniko gari likiwa la moto: maji yaliyotulia humo kwa nyuzi 110 yakikosa presha yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako.

Kujaza ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Nilichanganya kulanti, ile dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri (yale safi, siyo asidi, tafadhali). Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, ndiyo yaliyonipa ile rangi ya matofali. Nilipandisha magurudumu ya mbele kwenye tuta, nikafungulia hita hadi mwisho, nikawasha mfuniko ukiwa wazi na kuwa naminya paipu ya juu polepole, nikiongeza kila maji yaliposhuka. Zilipita dakika arobaini hivi. Themostati ikifunguka utaisikia paipu inapata joto ghafla. Kesho yake ikipoa, ongeza tena.

Kuhusu turbo nina mawili. Kama yako inapozwa kwa maji, angalia vipaipu vyake vidogo. Vinakauka, vinavuja juu ya chuma cha moto, na hutaona hata tone chini. Pia kagua mpira unaotoka turbo kwenda injini. Ukitoboka, hewa inapungua, moshi unakuwa mweusi na joto la ekzosi linapanda. Na ukimaliza mlima usizime papo hapo, liache lingurume dakika moja au mbili turbo ipoe huku oili ikizunguka.

Ule mshale wa dashibodi sikuuamini tena. Katika gari nyingi za aina hii umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda nyuzi nyingi, ukianza kusogea umeshachelewa. Nilifunga geji ndogo ya namba.

Januari tukarudi Dar, mama mkwe akabaki. Tuliteremka Kitonga hadi chini kabisa, kisha nikageuza gari na kuanza kuupanda tena. Mke wangu akauliza tumesahau nini. Sikumjibu. Nilizima ovadraivu, nikaweka gia ya 2 ili injini izunguke haraka na feni ivute, nikakaa nyuma ya lori kwa makusudi. 88. 91. Feni ikaanza kuvuma. 96, ikasimama hapo kona tatu nzima, halafu 93.

"Vitunguu," nikamwambia. "Tumesahau vitunguu."