Maswali ya Wasomaji: Serikali Ikigeuza Mambo, Biashara Ifanyeje?

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru hadi Busia. Wanaoandika ni mwoka mikate, mfanyabiashara wa mahindi, mchuuzi wa viazi, muuzaji wa vifaa vya ujenzi na mwenye duka, ila wote wanasumbuliwa na jambo moja: uamuzi unafanywa Nairobi au makao makuu ya kaunti, na wao ndio wanaoubeba sokoni.

Swali: Nina tanuri la mikate mtaa wa Section 58, Nakuru. Kila Aprili uvumi wa kodi ukianza, nakopa na kununua unga wa ziada. Mwaka 2024 tuliambiwa mkate utatozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mara tukaambiwa hautatozwa. Nishike lipi?

Ukisikia habari ya kodi, uliza kwanza imefika hatua gani. Mswada wa Fedha hufika bungeni kabla ya 30 Aprili kuisha, na wakati huo ni pendekezo tu. Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi, ripoti yake hutoka Juni, wabunge hupiga kura, Rais hutia saini, na vipengele vingi huanza kutumika 1 Julai. Pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16 liliondolewa na kamati tarehe 18 Juni 2024, na wiki iliyofuata Rais akakataa kutia saini Mswada mzima baada ya maandamano. Aliyekopa Mei ili ajaze ghala alilipa riba kwa sababu ya kodi ambayo haikuja.

Hata hivyo usilale Julai ikipita. Sheria nyingine ya kurekebisha kodi ilianza kutumika 27 Desemba mwaka huohuo. Mahakama nazo zina neno lao. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisimamishwa na Mahakama Kuu 30 Juni 2023, Mahakama ya Rufaa ikaondoa amri hiyo mwezi uliofuata, ikaitangaza sheria yenyewe kuwa batili 31 Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha 29 Oktoba 2024. Wakati wa vuta nikuvute kama hiyo, VAT uliyomtoza mteja iweke katika akaunti yake peke yake. Si mtaji wako, na wengi huumia kwa sababu waliizungusha kwenye biashara wakidhani mahakama imewasamehe.

Kuna jambo moja linalowapita waoka mikate wengi, nalo ni tofauti kati ya bidhaa ya kiwango cha sufuri na bidhaa iliyosamehewa VAT. Kwa mnunuzi zinafanana, kwa sababu zote hazina VAT kwenye risiti. Kwako ziko mbali sana. Tuseme kwa mwezi unatumia shilingi 400,000 kwa mifuko ya kufungia, umeme na vipuri, na juu yake unalipa VAT ya 64,000. Mkate ukiwa katika kiwango cha sufuri, nawe umesajiliwa kwa VAT, unaidai hiyo 64,000 kutoka KRA, mamlaka ya ushuru. Ukihamishwa kwenye orodha ya vilivyosamehewa, huwezi kuidai tena, nayo inakuwa gharama yako. Ukioka mikate 40,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1.60 kwa kila mkate. Kwa hiyo Mswada ukitoka, usitafute tu neno "mkate". Angalia umewekwa kwenye jedwali gani.

Badala ya kujaza ghala, rekebisha mikataba. Kama unapelekea shule mikate kwa muhula mzima, andika: "Kodi au ada ya serikali ikibadilika baada ya tarehe ya mkataba huu, bei itaongezwa au kupunguzwa kwa kiasi hichohicho kuanzia siku mabadiliko yanapoanza kutumika." Neno "kupunguzwa" liwepo. Mhasibu wa shule hatatia saini kipengele kinachopanda tu. Na bei unazotoa kwa maandishi ziwe na muda, kwa mfano siku 14.

Swali: Nanunua mahindi Uganda na kuyauza Bungoma na Kisumu. Nilisikia jinsi mpaka ulivyofungwa ghafla 2021. Nijiandae vipi lisinikute?

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka, na iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Waliokuwa na karatasi hizo walivuka. Waliozoea kuvuka kwa mazoea walibaki upande wa pili na lori lililojaa.

Fanya kazi kana kwamba masharti hayo yanakaguliwa kila siku, hata siku ambazo hakuna anayeuliza. Uwe na kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka Uganda. Shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 inaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Beba kipimo chako, upime kabla ya kupakia na si baada ya kufika. Kinachoharibu kazi zaidi ni namna ya kuchukua sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani yake kuwa bovu. Ukichota konzi moja juu ya gunia la kwanza, cheti chako hakisemi lolote kuhusu lori. Tumia bambo (kijiti chenye uwazi cha kuchomeka guniani), dunga magunia mengi juu, katikati na chini, changanya yote, ndipo utoe sampuli ya maabara.

Upande wa pesa, usimlipe muuzaji yote wakati wa kupakia. Patana naye kiasi ghalani na kilichobaki lori likishavuka, na mwandike ni nani anayelipa gharama za lori likikwama. Lori likikaa foleni siku tano chini ya turubai wakati wa mvua, mahindi yaliyopakiwa na unyevu wa 13 yanaweza kufika na 15, na hapo ndipo ukungu huanza. Msafirishaji awe na ghala la kushushia karibu na mpaka, bei yake ikiwa imekubaliwa mapema.

Swali: Molo tunapakia viazi lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Mara maafisa wanakamata lori, mara hawajali. Sheria ipo au haipo?

Ipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50. Kinachobadilika ni ukali wa utekelezaji, na huo ndio unaowapumbaza watu. Piga hesabu ya bei yako kwa kilo, si kwa gunia, kisha pakia 50. Msako wa lumbesa ukirudi kwa nguvu kesho, faini na viazi vilivyooza barabarani havitakuwa vyako.

Swali: Napelekea kaunti vifaa vya ujenzi hapa Kakamega. Gavana akibadilika, madeni yetu yanasemwa "yanakaguliwa" na hayalipwi. Tuache biashara ya serikali?

Si lazima muiache, ila msiitegemee. Kwa maoni yetu, kaunti isizidi theluthi moja ya mauzo ya mwaka, hasa mwaka wa kabla ya uchaguzi.

Deni linalonusurika ukaguzi lina karatasi kamili: LPO (hati ya kuagiza bidhaa) iliyotoka kabla ya kupeleka bidhaa, hati ya kupokelewa yenye jina, cheo, saini na tarehe, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokezi, na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Linalokataliwa mara nyingi ni lile la "leta kwanza, LPO itafuata". Afisa aliyekuahidi akihamishwa, hakuna anayekujua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inakataza zabuni kuanzishwa kabla ya kuhakikisha bajeti ina fedha, kwa hiyo una haki ya kuuliza kazi yako iko kwenye kifungu gani cha bajeti iliyopitishwa. Uliza kwa barua, si kwa simu.

Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Bidhaa inayopelekwa wiki ya mwisho ya Juni ina hatari kubwa ya kuvuka mwaka bila kulipwa, kisha inahitaji kuingizwa upya kwenye bajeti. Peleka kufikia Aprili, au subiri Septemba. Kifungu cha 140 cha sheria hiyo kinaruhusu riba kwa malipo yaliyochelewa, mradi mkataba hausemi vingine, kwa hiyo usome kabla ya kutia saini. Na ujue kwamba hata ukishinda kesi, huwezi kumtuma dalali akamate magari ya kaunti. Utahitaji cheti cha amri ya mahakama, na wakishindwa kulipa, urudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe. Hiyo ni safari ndefu.

Swali: Duka langu liko karibu na Kondele, Kisumu. Uchaguzi wa 2027 unakuja. Nifunge, niuze au nikate bima?

Panga kwa kalenda ya Katiba. Kura ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Matokeo ya urais hutangazwa ndani ya siku saba, yaani kufikia 17 Agosti. Kesi hufunguliwa ndani ya siku saba nyingine, na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14, jambo linalotufikisha 7 Septemba. Matokeo yakifutwa, kama ilivyotokea 2017, uchaguzi wa marudio hufanywa ndani ya siku 60, karibu 6 Novemba. Kwa hiyo usiwe na hundi ya tarehe ya mbele wala awamu kubwa ya mkopo kati ya 10 Agosti na katikati ya Septemba. Zungumza na benki mapema mwaka huo, wakati bado hakuna anayeogopa. Punguza bidhaa ghali dukani kuanzia mwisho wa Julai, lakini usimalize unga, sukari na mafuta ya kupikia. Barabara ya Nakuru ikifungwa, hizo ndizo majirani watakazohitaji.

Bima ya moto ya kawaida mara nyingi haigusi hasara ya ghasia. Omba kipengele cha fujo za kisiasa na ugaidi, usome ndani kama uporaji umetajwa, na ukikate miezi mingi kabla ya kura, maana joto likipanda kampuni hupandisha bei au hukataa. Andikisha thamani kamili ya bidhaa. Ukiwa na mali ya milioni 3 na ukaandikisha milioni 1.5, hasara ya 600,000 italipwa 300,000 tu, kwa sababu ulikuwa umejikinga nusu. Faida unayopoteza duka likifungwa ni kipengele kingine, kinacholipiwa peke yake.

Kila Jumamosi piga picha za rafu, pamoja na daftari la bidhaa, uzitume kwenye barua pepe yako, kwa sababu daftari huungua pamoja na duka. Likitokea la kutokea, ripoti polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), iarifu kampuni ya bima siku hiyohiyo kwa maandishi, na usifagie wala kutupa mabaki kabla mkadiriaji wa hasara hajayaona.