Fundi, ganzi ya usiku inaanzia kwenye kifundo

Kama mkono unakufa ganzi usiku mpaka unaamka kuukung'uta, na asubuhi mkasi unakuponyoka, acha kwanza kuvilaumu vidole. Angalia kifundo cha mkono. Mimi nashona nguo Mwanjelwa, hapa Mbeya, na ganzi hiyo naijua vizuri. Niliyoandika hapa nilielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kisha nikayapima mwenyewe kwenye cherehani.

Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kati ya kiwiko na kifundo, halafu kunja na kukunjua vidole. Unasikia nyama inavyocheza? Nguvu ya kukamata inatoka huko. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Kiganjani imo midogo ya kazi laini, kama kushika sindano. Ile mikubwa inakaa juu na kuvuta kano ndefu zinazopita kifundoni hadi vidoleni, kama waya wa breki ya baiskeli.

Sasa kunja kifundo kabisa kuelekea ndani, kisha jaribu kukaza ngumi. Haikazi. Kano za ndani zimelegea, za mgongo wa mkono zimevutika hadi mwisho. Rudisha kifundo kiwe kimenyooka, au kiinuke kidogo kwa nyuma, ukaze tena: nguvu imerudi. Basi ukikata jinzi au kitenge kilichokunjwa mara nne huku kifundo kimepinda, unatumia nguvu nyingi kupata kidogo. Mimi nimeinua meza ya kukatia ifike usawa wa kiuno, na ubapa wa chini wa mkasi nauacha utambae juu ya meza. Mkasi butu peleka ukanolewe, hapo hakuna mjadala. Kwa wenye majembe, mpini mwembamba sana unakulazimisha kubana muda wote. Mnene kiasi unapumzisha mkono.

Ganzi yenyewe inatoka wapi? Mkono, kuanzia kifundoni, una mifupa 27: 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Ile 8 imejipanga ikaacha njia nyembamba, na juu yake umepita utepe mgumu usiotanuka. Humo wanabanana kano 9 na neva moja, yaani mshipa wa fahamu. Ukikunja kifundo, mbano unaongezeka, na anayeumia kwanza ni neva, maana yeye ndiye laini. Neva hiyo inahudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ganzi ikikaa hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni kifundo. Ikikaa kwenye kidole cha mwisho na nusu ile nyingine ya cha pete, mara nyingi neva imebanwa kiwikoni: unaegemea meza kwa kiwiko, au unaongea na simu muda mrefu mkono umekunjwa.

Kwa nini usiku? Kwa sababu ukilala huna habari na mkono. Na sisi wa nyanda za juu, Juni na Julai, nani analala amejinyoosha? Tunajikunja chini ya mablanketi, ngumi chini ya kidevu, vifundo vimepinda hadi alfajiri. Dawa iliyonisaidia kuliko zote ni splinti ya kulalia, kifaa cha kufunga mkononi kinachoshika kifundo kikiwa kimenyooka. Usiikaze. Wiki za mwanzo inakera, hasa ukitaka kujivuta blanketi, lakini vumilia. Mchana nalegeza mikono kila nikimaliza kipande, kabla sijashika kingine. Vifungo na pindo za mkono sizirundiki tena zote jioni moja.

Wajawazito wengi hupata ganzi hii mwili ukijaa maji, na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Kisukari nacho huileta, kwa hiyo kama miguu nayo inachoma au ina ganzi, nenda kapime sukari. Ila ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua, au ganzi haiondoki hata mchana, usiendelee na splinti na maombi peke yake. Muone daktari. Upo upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe ili neva ipate nafasi, na ukichelewa sana nguvu ya gumba inaweza isirudi yote.

Mama mwenye kichanga, wewe maumivu yako huenda ni mengine: upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo, yanachoma ukimnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani huku magumba yametanuka. Pitisha kiganja chini ya makalio yake, umbebe kwa mkono mzima.

La mwisho ni la vijana wa bodaboda, na hapa nina ugomvi na wachuaji. Masika, barabara za udongo za milimani zinateleza. Mtu anaanguka, anajikinga kwa kiganja, kifundo kinavimba kidogo, anapelekwa kuchuliwa. Nyosha gumba kwa nguvu utaona kishimo chini yake, pembeni mwa kifundo. Ukibonyeza humo pakauma baada ya kuanguka, usikubali mtu apachue. Kuna mfupa mdogo hapo ambao damu yake nyingi inaingilia upande wa vidoleni, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu kikafa. Na ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya eksirei siku ya kwanza. Ukiambiwa picha ni safi na bado panauma ukibonyeza, omba mkono ufungwe usicheze, urudi kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14.