Je, mtoto asubiri amalize ESL ndipo apimwe kipaji?

SWALI: Tunaishi kaskazini mwa Texas tangu mwaka 2023, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la pili katika shule ya umma, na bado anasoma ESL, yaani masomo ya Kiingereza kwa watoto ambao si lugha yao ya kwanza. Nyumbani anafanya hesabu za dada yake wa darasa la nne bila kusaidiwa. Nilipouliza shuleni kuhusu programu ya watoto wenye vipaji, niliambiwa tusubiri kwanza Kiingereza chake kikamilike. Je, ndivyo sheria inavyosema? Kama sivyo, nianzie wapi?

JIBU: Mama, sheria haisemi hivyo. Mpango wa jimbo la Texas kuhusu elimu ya wanafunzi wenye vipaji, ambao kila wilaya ya shule inapaswa kuufuata, unataka mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa au kwa mtihani usiotegemea maneno. ESL na programu ya vipaji, ambayo shuleni utaisikia ikiitwa GT, ni huduma mbili zenye malengo tofauti, na mtoto mmoja anaweza kuzipata zote katika juma lile lile. Aliyekwambia usubiri huenda alikuwa na nia njema, akihofia binti yako ataumia moyo mbele ya mtihani asiouelewa, lakini ushauri huo unaweza kumgharimu kwa namna ambayo wazazi wengi hawaijui.

Mojawapo ya mitihani inayotumiwa sana na shule za Marekani kwa kazi hii inaitwa CogAT. Ina sehemu tatu: ya maneno, ya namba na ya maumbo. Kuanzia chekechea hadi darasa la pili, hata ile sehemu ya maneno huulizwa kwa picha: mtoto anaonyeshwa, tuseme, kiatu na mguu, kisha kofia, naye anachagua picha ya kichwa. Kuna kipengele kimoja tu ambacho mwalimu husoma sentensi kwa sauti, na watunzi wa mtihani wameruhusu alama zihesabiwe bila kipengele hicho kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Kuanzia darasa la tatu mambo hubadilika, kwa kuwa mtoto huwekewa maneno ya Kiingereza ayasome mwenyewe na kuyalinganisha, na hapo msamiati wake ndio unaopimwa kabla ya akili yake. Kwa hiyo binti yako akisubiri hadi mwakani, kama wilaya yenu inatumia CogAT, atakutana na mtihani ulio mgumu zaidi kwake kwa sababu isiyohusu kipaji hata kidogo.

Wilaya nyingine hutumia NNAT, ambao ni wa maumbo matupu: maswali 48 kwa dakika 30, kila swali likiwa na mchoro uliokatwa kipande na mtoto akitafuta kipande kinachokamilisha mpangilio. Huu hauhitaji Kiingereza zaidi ya kuelewa maelekezo mafupi. Hata hivyo, mtoto ambaye hajawahi kuona mafumbo ya aina hiyo hupoteza dakika zake za mwanzo akijiuliza anatakiwa kufanya nini, kwa hiyo si vibaya akayazoea mawili matatu mezani kwenu siku chache kabla. Masomo ya kulipia ya kujiandaa kwa mtihani huu siyaungi mkono. Fedha hizo zina kazi nyingine nyumbani.

Pa kuanzia ni barua. Mwandikie mshauri wa wanafunzi wa shule au mratibu wa GT, weka tarehe, na ubaki na nakala. Sema kwamba unaomba mtoto wako apimwe kwa ajili ya programu ya vipaji, kisha uulize mambo matatu: mtihani utakaotumika ni upi, utatolewa kwa lugha gani, na mwisho wa kupokea maombi ni lini. Wilaya za Texas zinatakiwa kutoa nafasi ya kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na kila wilaya hujiwekea kipindi chake, kwa hiyo aliyechelewa kwa siku mbili anaweza kusubiri mwaka mzima. Barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Wilaya zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na hiyo ina maana ya mkalimani wa kweli katika vikao, si binti yako wa darasa la nne kukaa katikati akitafsiri habari za mdogo wake.

Najua wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mwalimu akishasema, mzazi hunyamaza. Katika shule za huku, mzazi anayeuliza kwa maandishi haonekani mkorofi. Ndivyo mfumo unavyotarajia afanye, na asipofanya hivyo mtoto wake hupitwa. Mfano ninaoupenda ni wa Broward, wilaya kubwa ya shule katika jimbo la Florida. Huko, mtoto wa familia maskini au anayejifunza Kiingereza aliweza kuingia kwenye programu kwa alama 116, wakati wengine walihitaji 130, na bado watoto wa aina hiyo walioingia walikuwa wachache, kwa kuwa kupimwa kulitegemea kupendekezwa na mwalimu au mzazi. Mwaka 2005 wilaya ikaanza kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa mtihani usio wa maneno. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipochunguza matokeo, waliona idadi ya watoto maskini, Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliotambuliwa imepanda sana. Watoto hao walikuwapo tangu awali, ila hakuna aliyewataja.

Pamoja na mtihani huenda ukaletewa fomu ya mzazi, na hapa nakuomba uwe mwangalifu, maana ndipo nimewaona wazazi wetu wengi wakiwapunguzia watoto wao alama bila kujua. Fomu huuliza kama mtoto huuliza maswali mengi, kama hubishana na wakubwa, kama hupenda kuongoza. Mtoto aliyefundishwa kutomkatiza mkubwa atapewa «mara chache» katika vyote vitatu, na mama yake ataandika hivyo kwa fahari. Usiishie kwenye visanduku. Andika matukio: alikuwa na umri gani, alifanya nini, kwa kutumia nini. «Anapenda hesabu» haimsaidii msomaji wa fomu. «Tukiwa dukani alijumlisha bei za vitu sita kichwani, akaniambia fedha hazitoshi kabla hatujafika kwa keshia» inamsaidia. Kama anasoma barua za nyumbani kwa Kiswahili na kuwaeleza wadogo zake, liandike hilo pia, kwa kuwa mtoto anayebeba lugha mbili au tatu anatumia akili kwa namna ambayo mwalimu wa darasani hana nafasi ya kuiona.

Matokeo yakija, usitazame jumla peke yake. Katika CogAT alama ya wastani kwa watoto wa umri mmoja ni 100, na 132 ina maana kwamba amewapita takriban watoto 98 kati ya 100 wa rika lake. Hiyo 98 si asilimia ya maswali aliyopata. Chini yake utaona alama fupi kama 8B (V-). Namba ni kiwango chake kati ya 1 na 9, B inaonyesha kwamba sehemu moja inatofautiana na nyingine mbili, na V- inasema kwamba sehemu hiyo ni ya maneno, nayo iko chini. Kwa mtoto wa ESL, V- ni jambo la kutarajiwa, nawe una haki ya kuomba sehemu za namba na maumbo zitazamwe zenyewe. Anayeamua si mtu mmoja: kanuni za Texas zinataka kamati ya walimu wasiopungua watatu waliopata mafunzo ya elimu ya vipaji, wakizingatia ushahidi wa aina zaidi ya moja. Jimbo halijaweka alama moja ya kuvuka kwa wilaya zote. Wakikataa, sera ya wilaya lazima iwe na utaratibu wa rufaa. Uombe kwa maandishi, pamoja na siku za mwisho.

Waliosoma Tanzania wakisikia habari hizi hufikiria Ilboru, Mzumbe au Kilakala, yaani mtoto kuchaguliwa baada ya darasa la saba na kwenda bweni. Huku, kwa kawaida binti yako atabaki shule ile ile, akitolewa darasani kwa saa chache kila juma au akiwekwa katika kundi lenye mwalimu aliyepata angalau saa 30 za mafunzo ya GT. Kurushwa darasa ni jambo jingine, nami nisingekushauri kulianza sasa: Texas inataka alama 80 kwa mia katika kila mtihani, ukiwamo wa lugha, na hapo Kiingereza kitamzuia kweli. Badala yake, uliza kama anaweza kukaa na darasa la tatu kwa kipindi cha hesabu tu. Shule nyingi zinaweza kupanga hivyo bila kungoja matokeo ya kamati, kwa hiyo ombi hilo liweke katika barua ile ile ya kwanza.