Mama akitoka kwenye mashine hoi: ni mwili au ni mawazo?

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, huu ni mwezi wa pili anasafishwa damu kwa mashine ya figo, mara tatu kwa wiki. Akirudi anajitupa kitandani, hataki kula wala kuongea. Mashine inammaliza au ana mawazo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Yawezekana ni vyote viwili, ila tuanze na mwili, maana huo unapimika. Muulize muuguzi mama huwa ameongezeka kilo ngapi anapopanda mzani kabla ya kuunganishwa. Akija na kilo nne za ziada, hayo ni maji karibu lita nne, na mashine inatakiwa kuyavuta ndani ya saa nne hivi. Presha inashuka, misuli ya miguu inakaza, anatoka hajiwezi.

Wengi huhesabu maji ya glasi tu. Uji, chai, supu, barafu, vyote ni maji. Kujua anywe kiasi gani kwa siku, kwa kawaida tunaanzia kwenye kiasi cha mkojo wake wa siku nzima, ongeza nusu lita. Daktari wake atawapa kipimo chake hasa. Lakini kumkatalia maji huku mboga imejaa chumvi ni kumtesa bure, kiu itamshinda. Na madafu wanayoleta wageni kunyweni nyinyi: yana potasiamu nyingi, nayo ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Sasa mawazo. Uchovu wa mashine mara nyingi huisha akishalala. Kwa hiyo mtazame siku ambayo haendi. Kama hata siku hiyo hali chakula, hapati usingizi, hataki kuwaona wajukuu, au anasema "nawatia hasara tu, bora niache", huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Mwambieni daktari wake wa figo, msikimbilie duka la dawa, kwani baadhi ya dawa za sonona lazima dozi ipunguzwe kwa mgonjwa wa figo. Aangaliwe na wingi wa damu pia; upungufu wa damu ni kawaida kwa wagonjwa hawa, na humfanya mtu aonekane kama amekata tamaa.

Hilo la "nawatia hasara" tunalisikia sana, na kwa maoni yangu ndugu hulichochea bila kujua wanapojadili bili pembeni ya kitanda chake. Yazungumzeni nje. Halafu mrudishieni kazi zake, hata kuchambua mchele. Ila kama ameshatengenezewa fistula, yaani mishipa ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, mkono huo usibebe ndoo, wala usipimiwe presha.